Mdahalo wa Wagombea Udiwani Malindi: Mwongozo Kamili wa Kuuandaa Mtaani

Malindi haina meya. Cheo hicho kiliondoka pamoja na baraza la manispaa baada ya uchaguzi wa 2013, na hata kilipokuwapo mwananchi hakumpigia meya kura: madiwani walikutana ukumbini wakamchagua mmoja wao. Leo mji uko chini ya serikali ya Kaunti ya Kilifi, una bodi ya manispaa na meneja wa kuajiriwa, na kiti cha karibu kabisa ambacho mkazi wa Barani au Maweni anakipigia kura ni cha mwakilishi wadi. Huku bado tunamwita diwani.

Kwa hiyo wagombea udiwani huulizwa maswali ya meya, nao hujibu kama mameya. Uwanja wa ndege, hati za mashamba, polisi, lami, maji: vyote ataleta yeye, na vyote ndani ya siku mia moja. Mkutano wa kampeni hauwezi kuyapima maneno hayo kwa sababu mwenye kipaza sauti ni mmoja na waliokuja ni watu wake. Mdahalo unaweza, mradi walioandaa wamefanya kazi ya nyumbani. Naona midahalo mingi ya mtaani ikiharibikia kwenye maswali kuliko kwenye fujo, ndiyo maana sehemu ya maswali hapa chini ni ndefu kuliko zote.

Uchaguzi mkuu ujao ni Jumanne, 10 Agosti 2027. Eneo bunge la Malindi lina wadi 5: Jilore, Kakuyuni, Ganda, Malindi Mjini na Shella. Andaeni mdahalo wa wadi moja kwa wakati mmoja. Ukichanganya mbili, wagombea wanakuwa wengi na maswali yanakuwa ya juujuu.

Hatua ya kwanza: kamati

Watu saba wanatosha. Tafuteni mmoja wa chama cha wavuvi au wa BMU (kikundi cha usimamizi wa ufuo), mmoja wa wafanyabiashara wadogo, mwalimu mstaafu, kijana wa bodaboda au tuktuk anayesikilizwa na wenzake, kina mama wawili wa vikundi, na mtu mmoja mwenye ulemavu. Asiwepo wakala wa mgombea wala anayelipwa na kampeni yoyote.

Udugu hauwezi kuepukika. Malindi kila mtu ni shemeji, mjomba au jirani wa mgombea fulani, na ukisema wote wenye udugu watoke utabaki na mlinzi wa lango. Afadhali kila mjumbe aandike wazi mgombea gani ni ndugu yake, karatasi isomwe kwenye kikao cha kwanza, na mwenye udugu asiguse swali wala saa ya mgombea huyo.

Pesa ni jambo la pili. Gharama si kubwa: viti, hema, spika na jenereta, maji ya kunywa, karatasi. Changeni wenyewe, ombeni maduka, ombeni misikiti na makanisa yawakopeshe viti. Msichukue hata shilingi kutoka kwa mgombea, hata akisema anatoa kama mkazi wa kawaida. Atakayelipia hema ataulizia kwa nini hakupewa dakika ya ziada. Na wananchi wasiahidiwe nauli. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inamtia hatiani anayetoa hongo na mpiga kura anayeipokea pia. Adhabu yaweza kufika faini ya shilingi milioni 2, kifungo cha miaka 6, au vyote viwili. Mambo haya huanza kwa mzaha, mtu anatoa noti langoni akisema ni ya soda.

Hatua ya pili: siku, saa na mahali

Msipange tarehe kabla tume ya uchaguzi, IEBC, haijawaidhinisha wagombea. Kabla ya hapo mnaalika watu ambao huenda wakaangukia kwenye mchujo wa vyama au karatasi zao zikakataliwa. Msimamizi wa uchaguzi wa eneo bunge ndiye mwenye orodha halali. Iandikieni ofisi yake, muombe majina yote ya wadi yenu, wa vyama na wa kujitegemea. Mwaka 2022 kampeni ziliruhusiwa kuanzia 29 Mei hadi 6 Agosti. Kwa kipimo hicho, wiki tatu au nne kabla ya kura ni wakati mzuri: wagombea wameshajulikana, na bado kuna nafasi ya majibu yao kujadiliwa barazani na kwenye boti.

Peleka barua kwa OCS, yaani mkuu wa kituo chenu cha polisi. Sheria ya Utulivu wa Umma inataka taarifa isiyopungua siku 3 na isiyozidi siku 14 kabla ya mkutano, ikitaja mwandalizi na anwani yake, tarehe, saa na mahali. Saa zenyewe ziwe kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Wengi hupeleka barua mwezi mzima mapema wakidhani ndio ustaarabu, kumbe nayo iko nje ya muda. Nakala yako igongwe muhuri ubaki nayo.

Sharti hilo la saa linafuta ndoto ya kukutana baada ya Isha, wakati watu wa mjini wana nafasi. Zinabaki nafasi mbili za maana: Jumamosi asubuhi, au siku yoyote isiyo Ijumaa baada ya swala ya Alasiri, tuseme saa kumi hadi saa kumi na mbili kasorobo. Mimi napendelea Alasiri. Asubuhi kina mama wa mboga wako sokoni, na watu wa hoteli hawajatoka zamu. Jumapili asubuhi ni ya kanisa. Katika wadi za Ganda, Kakuyuni na Jilore ukiigusa Jumapili umepoteza nusu ya hadhira.

Mahali pasiwe pa mtu. Uwanja wa shule kwa idhini ya mwalimu mkuu, ukumbi wa kijamii, au kiwanja cha wazi. Uwanja wa Alaskan unajulikana na kila mtu, lakini ni mkubwa mno kwa mdahalo. Watu wakitawanyika wataanza kupiga soga. Ua wa msikiti au wa kanisa uachwe hata ukitolewa bure. Kumbukeni pia kwamba Juni hadi Agosti ni kusi. Upepo unavuma kutoka baharini, hema linapigapiga, na kipaza sauti kisicho na sponji kinatoa mvumo tu. Elekezeni jukwaa kisogo kwa upepo. Kusi ina faida yake, kwani bahari ikichafuka wavuvi wengi wanakuwa nchi kavu.

Hatua ya tatu: mialiko

Barua zote ziwe na maneno yaleyale, zipelekwe siku moja, kila mmoja asaini kupokea. Ndani yake wekeni kanuni: muda wa kujibu, utaratibu wa kukaa kwa kura ya vikaratasi, fulana na bendera za vyama kubaki nje, na kila mgombea kuja na wafuasi idadi ileile, tuseme kumi. Waambieni mada lakini msiwape maswali.

Kuna mmoja hatakuja. Mara nyingi ni yule anayejiona ameshashinda. Kiti chake kiwekwe na jina lake, maswali yaendelee, na mwendeshaji aseme mara moja tu kwamba alialikwa tarehe fulani na akasaini. Asikejeliwe. Na asitume mtu wa kumwakilisha, kwa sababu kwenye karatasi ya kura hakutakuwa na jina la mwakilishi.

Hatua ya nne: maswali

Anzeni kwa kupanga mambo ya wadi katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni kazi za kaunti, ambazo diwani ana mkono ndani yake: zahanati na hospitali za kaunti, takataka, masoko na leseni za biashara, barabara za kaunti na taa, shule za chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, uvuvi, zimamoto, mipango ya mji. Fungu la pili ni la serikali kuu: polisi, shule za msingi na sekondari, hati za ardhi, uwanja wa ndege, na hifadhi ya bahari ya Malindi, iliyoanzishwa 1968 na sasa iko chini ya KWS, shirika la taifa la wanyamapori.

Yapo mambo yanayokaa mguu huku mguu kule. Maji ni mfano mkubwa. Kampuni inayotuletea bili ni ya kaunti, lakini visima vya Baricho kando ya Sabaki, ambavyo hunywesha Malindi na miji mingine hadi Mombasa, viko chini ya wakala wa serikali kuu. Mgombea akisema atamaliza shida ya maji Muyeye, muulize anazungumzia mabomba ya mtaani au maji yenyewe kutoka chanzoni. Anayejua tofauti atajibu kwa utulivu.

Kisha someni diwani anaruhusiwa nini. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 9, inamtaka awe karibu na wananchi na apeleke maoni yao kwenye bunge la kaunti. Kifungu hichohicho kinamkataza kujiingiza katika utekelezaji wa kazi za kaunti, moja kwa moja au kwa kupitia mlango wa nyuma. Kazi yake ni kutunga sheria, kupitisha bajeti na kuisimamia serikali ya gavana. Hajengi. Hatoi zabuni. Anayeahidi kwamba atajenga zahanati anaahidi kitu ambacho sheria imemnyima, na anayesema atahakikisha kandarasi inakwenda kwa vijana wa mtaa ameshakiri kosa kabla ya kuapishwa.

Sasa tazameni kalenda, maana hapa ndipo ahadi nyingi hupasuka. Mwaka wa fedha wa kaunti huanza 1 Julai, na bajeti yake hutakiwa kupitishwa ifikapo 30 Juni. Uchaguzi ni Agosti. Maana yake bajeti ambayo diwani mpya ataikuta imepitishwa na bunge lililoondoka, pamoja na miradi ya watu wengine. Mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata hutakiwa kufika bungeni ifikapo 1 Septemba, wiki tatu tu baada ya kura. Diwani mgeni hupata nafasi ya kwanza ya kweli kwenye bajeti ya nyongeza, ikiwapo. Zile siku mia moja za mabango ni siku ambazo hana hata shilingi moja aliyoipanga yeye.

Kutokana na hayo, haya ni maswali ninayoyapenda, na mnaweza kuyachukua kama yalivyo:

"Bajeti ya mwaka huu imeshapita. Ukiingia, ni mradi gani wa wadi hii uliomo ndani yake utakaoufuatilia, na ni upi utaomba uingizwe kwenye bajeti ya nyongeza?" Swali hili peke yake hutenganisha waliofungua kitabu cha bajeti na ambao hawajakifungua. Nanyi lazima muwe mmekifungua kwanza. Kiombeni bunge la kaunti au kwenye ofisi ya fedha. Ni hati ya umma, na Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa serikali.

"Mswada wa Fedha ukija na nyongeza ya ada ya kibanda sokoni, utapiga kura gani? Na ukikataa, kaunti ifidie pengo wapi?" Sehemu ya kwanza kila mtu ataijibu vizuri. Sikilizeni ya pili.

"Majina ya wajumbe wa bodi ya manispaa yakiletwa bungeni muyaidhinishe, utaangalia nini?" Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011 inaipa bodi kazi nyingi zilizokuwa za baraza la zamani, wajumbe wake hawachaguliwi na wananchi, na baadhi yao hupendekezwa na vyama vya wataalamu, wafanyabiashara, sekta isiyo rasmi na mitaa. Hapa ndipo kivuli cha meya kilipobaki. Ajabu ni kwamba hulisikii swali hili kwenye kampeni. Ongezeni la pili: sheria hiyohiyo inampa mkazi nafasi ya kukutana na bodi kwenye mabaraza ya wakazi, mgombea ataidai bodi iyaitishe?

"Ungependa kukaa kamati gani ya bunge, na kwa nini?" Kwa wadi ya Shella yenye wavuvi na mahoteli jibu laweza kuwa tofauti na la Jilore yenye wakulima.

Diwani anayetetea kiti asipewe maswali yake peke yake; hapo mtaonekana mna njama. Aulizwe yaleyale, lakini kamati iwe imesoma kumbukumbu za vikao vya bunge, ijue hoja alizoleta. Akisema alipigania taa za mtaani, mwendeshaji aulize hoja hiyo ililetwa tarehe ngapi.

Maswali ya kuacha: dini yake, kabila lake, alizaliwa wapi, ameoa wangapi. Yakiulizwa na hadhira, mwendeshaji ayavuke. Suala la kama diwani lazima awe na digrii nalo msilipotezee muda. Mahakama Kuu iliamua Oktoba 2021 kwamba si lazima, na kazi ya kuthibitisha sifa ni ya IEBC, si ya mdahalo.

Hatua ya tano: hesabu ya dakika

Fanyeni hesabu kwenye karatasi kabla ya kuchapisha ratiba. Kutoka saa kumi hadi saa kumi na mbili kasorobo ni dakika 105. Wagombea wakiwa 8, kujitambulisha dakika moja moja ni 8. Maswali manne ya kamati, kila mmoja akijibu kwa dakika moja na nusu, ni dakika 48. Neno la mwisho dakika moja moja, 8 nyingine. Dua, kanuni na makaribisho 6. Mmefika 70, zimebaki 35: 25 za hadhira, 10 za kuchelewa, maana mtachelewa. Wagombea wakiwa 12, swali moja la kamati lazima lianguke. Ni afadhali kufuta swali kuliko kuwapa watu nusu dakika. Katika nusu dakika mtu hutoa salamu tu.

Anayeanza kujibu abadilike kila swali. Anayejibu mwisho siku zote ana nafuu ya kuyasikia ya wenzake.

Hatua ya sita: mwendeshaji

Mtafuteni mtu mwenye sauti tulivu na roho ngumu. Watangazaji wa redio za pwani wanafaa kwa sauti, lakini uliza kwanza kama hajawahi kuwa mshereheshaji wa mikutano ya mmoja wa wagombea. Walimu wa kike wa sekondari, kwa maoni yangu, ndio bora: wamezoea kunyamazisha watu wazima wanaojifanya watoto.

Awaite wagombea kwa namna moja. Ukimwita mmoja "mheshimiwa" kwa sababu yumo bungeni, na mwingine "huyu kijana wetu", umeshapiga kura mbele za watu. Wote wawe "mgombea" na jina. Mzee ni mzee na heshima yake ipo, apewe mkono na kiti kizuri, lakini saa haimjui mzee.

Kengele iwe kwa mtu mwingine. Ikilia, mwendeshaji aseme "ahsante" na fundi azime kipaza sauti. Fundi aelezwe hilo mapema na alipwe na kamati.

Lugha ni Kiswahili. Katika wadi za bara mzee akitaka kuuliza kwa Kigiriama aulize, na awepo mtu wa kutafsiri kwa sauti kwa wengine. Mkalimani wa lugha ya ishara ni gharama ya kweli, ila kama mna wakazi viziwi mkaweka hema badala ya mkalimani, mmechagua nani asikie.

Hatua ya saba: siku yenyewe

Maswali ya hadhira yakusanywe kwa vikaratasi tangu watu wanapoingia. Kipaza sauti kikizungushwa kwenye umati huishia kwa wapambe, na swali hugeuka hotuba ya dakika tano. Vikaratasi pia huwapa nafasi kina mama ambao hawatasimama mbele ya wakwe zao kuuliza. Asiyejua kuandika aandikiwe na mjumbe wa kamati. Changanyeni, mchague kwa kutumbukiza mkono, mtupe yale ya matusi tu.

Wafuasi wa kila mgombea wasikae pamoja. Watawanyeni. Wakianza nyimbo, mwendeshaji akae kimya na saa isimame. Kelele zao zikila muda wa mgombea wao, nyimbo hukatika zenyewe. Rekodini yote, sauti na picha, na wagombea waambiwe tangu mwanzo kwamba inarekodiwa. Wengi hupima maneno wakijua hivyo, hasa yanayohusu makabila.

Hatua ya nane: baada ya hapo

Usiku uleule watu wawili wa kamati waandike jibu la kila mgombea kwa kila swali, sentensi mbili mbili, bila alama wala mshindi. Msitangaze nani aliongea vizuri. Karatasi hiyo na sauti fupi zikatwe ziende kwenye makundi ya WhatsApp ya mitaa kabla watu wa kampeni hawajatuma za kwao walizokata wanavyotaka.

Wajumbe wa kamati waweke karatasi hizo. Mpango wa sasa wa maendeleo wa kaunti wa miaka mitano ni wa 2023 hadi 2027, kwa hiyo baada ya uchaguzi kaunti itaandika mwingine, na itaita wananchi kutoa maoni wadi kwa wadi. Nendeni na jibu la aliyeshinda. Chukueni nakala mbili: moja ya kusoma mbele ya maafisa, moja ya kugongwa muhuri wa kupokelewa mrudi nayo nyumbani.